Fundi Rudi na Gurudumu la Nne

Simu ilipolia nilikuwa natoa kopi za mwanafunzi mmoja wa chuo, kwenye kibanda changu cha steshenari pale Mazimbu. Ilikuwa Alhamisi, saa tatu kasoro asubuhi. Aliyepiga ni Leonard, dereva wa kirikuu, pikapu ndogo inayoteremsha ndizi na mboga kutoka mlimani. Hakunisalimia.

"Yusuph, njoo. Kaka yako ameanguka."

"Ameanguka wapi?"

"Bandani kwake. Nimemleta hospitali. Yusuph..." Nikamsikia anahema. "Njoo tu, ndugu yangu."

Nilimwuliza kama yuko hai. Akasema daktari ameshamfunika shuka. Mashine iliendelea kutema karatasi, mwanafunzi akabaki ananitazama, nami nikasema lile neno tulilofundishwa kulisema kabla ya jingine lolote, kwamba sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Nililisema kwa mdomo. Moyo ulichelewa sana kulifikia.

Kaka yangu aliitwa Mikidadi. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, na daktari alisema ni moyo. Alianguka akiwa amechuchumaa kando ya gari la Leonard, spana mkononi, na kwa muda kidogo Leonard alidhani ameinama kutafuta nati iliyodondoka.

Pale Bigwa, njia inapoanza kupanda, watu walimjua kwa jina la Fundi Rudi. Kazi yake ilikuwa magurudumu tu. Aliziba pancha, akabadili beringi, akafungua na kufunga. Gari lolote alilolifungua gurudumu halikuondoka moja kwa moja. Dereva aliambiwa aende hadi darajani, mwendo wa kama kilomita mbili, kisha arudi, nati zikazwe mara ya pili. "Nenda, rudi," ndivyo alivyosema, bila salamu wala maelezo, na asiyerudi leo, kesho alifukuzwa.

"Fundi, unanimalizia mafuta," madereva walilalamika.

"Mafuta yanauzwa," aliwajibu.

Aliyempachika jina ni Raya, mama anayeuza chai na vitumbua mbele ya banda lake. Raya ni mtani wetu. Ukoo wake na ukoo wetu wanataniana tangu enzi za mababu, kwenye harusi na kwenye msiba, na hairuhusiwi mtu kukasirika. "Mwanaume huyu," alikuwa akiwaambia wateja, "siku ya ndoa alimwambia Mwaisha aende kwao kwanza, arudi, ndipo aamini kwamba ndoa imeshika." Mikidadi alikunywa chai yake, kisha akamwambia vitumbua vyake ndivyo vingefaa kuwekwa chini ya jeki.

Alikuwa na sababu ya ukali wake. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya utingo kwenye lori la mizigo. Siku moja ya mvua walibadili gurudumu la nyuma kwenye tope la mlimani, wakakaza kwa nguvu zao zote, wakaendelea na safari. Kesho yake, jua likiwa kali, wanateremka, akaona gurudumu linawapita upande wa kulia. "Nikasema, huyu nani ana haraka namna hii?" alizoea kusimulia, nasi tukacheka. Yeye hakucheka. Gurudumu lile liliingia kwenye kibanda cha mama aliyeuza mihogo na kukivunja chote. Mama mwenyewe alikuwa amekwenda kuchota maji. Mikidadi alikaa chini kwenye zile fito akamsubiri mpaka aliporudi na ndoo kichwani, akamwomba radhi.

Baadaye alielewa kilichotokea. Udongo ule mwekundu wa kwetu ulibaki kati ya rimu na habu, kile chuma ambacho gurudumu hufungwa juu yake. Ukiwa mbichi ni kama chuma, nati zinakazika vizuri. Ukikauka unakuwa unga, unadondoka, na mahali pake panabaki uwazi. Nati inalegea bila mtu kuigusa.

Mimi nilikuwa na sehemu ndogo katika kazi yake. Nilimletea kutoka dukani kwangu vichupa vya wino mweupe, ule wa kufutia makosa ya kuandika. Alipomaliza kukaza, alichora mstari mmoja kutoka kwenye nati hadi kwenye rimu. Mstari ukikatika, nati imetembea. Hata dereva asiyejua kusoma aliweza kuuona.

Mwaka jana Leonard alikuja na gari lililofungwa spesa. Alizinunua Gairo siku aliyopeleka ndizi, na mtu wa kando ya barabara akamfungia hapohapo. Spesa ni kipande kinene cha chuma cha mviringo kinachowekwa kati ya habu na gurudumu, ili gurudumu litoke nje zaidi. Leonard alikuwa amenunua pia rimu pana, ambazo bila spesa zingekwaruza ndani.

"Linakanyaga barabara sasa," alimwambia kaka. "Zamani nikiwa na mikungu thelathini kwenye kona nilikuwa nasali Salamu Maria njia nzima."

"Endelea kusali," Mikidadi alimjibu. Alikuwa ameshalala chini ya gari na tochi.

Nilikuwepo siku hiyo, nami nilimsikia akimweleza kwa utaratibu ambao hakuwa nao kwa watu wengi. Alisema spesa yenyewe si dhambi. Iliyokatwa sawasawa, tundu lake la katikati likakamata kitovu cha habu barabara, inabeba uzito vizuri kwa mtu anayeikagua. Hizi za Leonard tundu lake lilikuwa kubwa kuliko kitovu, kwa hiyo uzito wote ulikuwa umening'inia kwenye bolti nne. Na gurudumu likishatoka nje linavuta beringi kama mtu anayebeba ndoo kwa mkono ulionyooshwa. Kibaya zaidi ni kwamba kila gurudumu sasa lilikuwa na nati za aina mbili. Nne za ndani zinashika spesa kwenye habu, nne za nje zinashika rimu kwenye spesa. Za nje unaziona. Za ndani zimefunikwa na gurudumu lenyewe.

"Utakaza za nje mpaka spana ipinde," alisema, "na za ndani zinacheza. Nati ya ndani anaiona Mungu, na yule anayefungua gurudumu."

Alimtaka azitoe. Leonard alikataa, wakabishana wiki nzima, hawakusalimiana siku mbili. Mwisho walikubaliana. Leonard angeleta gari kila baada ya Alhamisi mbili, asubuhi kabla ya kupanda, na Mikidadi angefungua magurudumu yote manne, afute alama za zamani kwa petroli, akague ndani, afunge. Gurudumu ambalo amekaza nati zake za ndani aliliwekea tone jeupe pembeni ya ile mistari. Na yale magurudumu ya asili, membamba, ambayo Leonard alitaka kuyauza, kaka aliyachukua akayafunika kwa gunia nyuma ya banda.

"Fundi, hayo ni yangu."

"Ni yako. Yanalala kwangu."

Alhamisi aliyofariki ilikuwa Alhamisi ya ukaguzi.

Mjomba Mansuri alifika kutoka mjini kabla ya adhuhuri. Kwetu Waluguru ardhi na ukoo hufuata upande wa mama, na neno la mjomba kwenye msiba ndilo la mwisho. Alisema Mikidadi atazikwa leo, na atazikwa juu, kwenye ardhi ya mama yetu, juu ya Kiroka, alipolala mama mwenyewe. Kaburi lilikwishaanza kuchimbwa. Tulimwosha nyumbani kwake Bigwa, jirani na banda lake, tukamvika sanda, tukamswalia baada ya adhuhuri. Kutoka Kiroka kuna kilomita kumi na mbili za kupanda, na gari refu halikunji zile kona. Kirikuu nyingine zote zilikuwa mjini kwa ajili ya soko. Lilikuwepo la Leonard tu.

Leonard aliomba mwenyewe ambebe. Macho yalikuwa yamemvimba. Jeneza la msikiti likapandishwa nyuma, mjomba akapanda, mimi na wanaume wengine watano tukapanda. Juu ya mlima wingu lilikuwa limeshashuka hadi kwenye migomba.

Leonard alipowasha gari, Raya akatokea mbele yake.

Alikuwa amevaa ovaroli ya Mikidadi, miguu ya suruali ikiburuza chini, grisi usoni, spana ya magurudumu begani. Alipiga boneti kwa kiganja.

"Simama! Nani kawaruhusu? Gari hili limeenda darajani likarudi?"

Watu walianza kucheka huku wanalia. Ndiyo kazi ya mtani.

"Na wewe uliyelala huko nyuma," alimwambia marehemu, "leo una haraka ya kwenda wapi? Miaka ishirini umetuchelewesha wote, leo unataka kuondoka bila kurudi?" Akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele, akalitazama kwa jicho moja, vilevile kama kaka alivyofanya. "Hili lina tone. Pita." Akazunguka. "Hili lina tone. Pita." Akaenda nyuma. "Hili lina tone. Na hili... Ehee! Hili halina! Fundi, umelala kazini! Shuka uje umalize kazi ya watu!"

Kicheko kilikuwa kikubwa. Nami nilicheka. Kisha nikaacha, nikaruka chini.

Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa limefutwa kwa petroli, safi, halina mstari wala tone. Nikaenda dirishani kwa Leonard.

"Hili alilifungua?"

"Alikuwa ndiyo anaanza. Alilegeza nati moja, akaanguka." Akageuka nyuma alikolala kaka. "Niliikaza mwenyewe, Yusuph, ndipo nikamkimbiza hospitali. Nilisimama juu ya spana kwa miguu yote miwili."

"Ulikaza za nje."

Leonard aliangalia usukani.

"Kuna nini huko?" Mjomba aliuliza kutoka juu.

"Mjomba, naomba tulifungue gurudumu hili."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, mjomba."

"Yusuph. Saa nane hii. Mvua ile pale, unaiona. Maiti hasubirishwi kwa ajili ya nati. Gari limetoka hospitali mpaka hapa, lilidondosha nini?"

"Hospitali ni tambarare, mjomba. Na hatukuwa watu saba nyuma."

"Una ufundi gani wewe? Si unauza kalamu?"

Baadhi walicheka tena, lakini si kwa utani. Mvua ikitutangulia, barabara ya juu ingegeuka utelezi, na ingebidi tumzike kaka yangu Bigwa, mbali na mama. Nikifungua na kukuta kila kitu kiko sawa, ningekuwa ndiye niliyemnyima kulala kwao. Nisipofungua, kulikuwa na kona ya mnazi, ambako ukingo wa barabara unaishia hewani. Nilimwomba Mwenyezi Mungu anipe neno.

Dirisha la chumba cha Mwaisha lilikuwa nyuma yetu, pazia limeshushwa. Mke wa kaka alikuwa ameshaingia eda. Sauti yake ilitoka ndogo, lakini wote tuliisikia.

"Mjomba Mansuri, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Nauliza tu. Mwenyewe angeliachia liende?"

Mjomba alivua kofia yake, akajifuta uso nayo. Alilitazama jeneza lililokuwa miguuni pake.

"Mteremsheni," alisema. "Mwekeni kivulini."

Nilipiga jeki mwenyewe. Leonard alifungua nati za nje, na zilikuwa zimekaza kweli, mpaka akatoa jasho. Gurudumu likatoka. Nyuma yake ile spesa ikaonekana, na unga mwekundu ukamwagika kutoka ubavuni kama ugoro. Nati moja haikuwepo kabisa, tuliikuta imelala ndani ya rimu. Mjomba, ambaye alikuwa ameshuka bila kuambiwa, akanyoosha mkono akaishika ya pili kwa vidole viwili. Ilizunguka kama kifuniko cha chupa. Ya tatu vilevile. Ya nne peke yake ndiyo iliyokuwa imebeba.

"Hii ndiyo mlitaka kunipandisha nayo?" alisema mjomba, lakini alikuwa anajiuliza mwenyewe.

Leonard aliketi chini. "Nimempeleka hospitali hivi," alisema. "Asubuhi hii nimempakia nikakimbia naye hivi."

"Inuka," nilimwambia. "Magurudumu yako yako wapi?"

Yalikuwa nyuma ya banda, chini ya gunia, na nati zake za asili kwenye kopo la maziwa lililofungwa kitambaa. Tulizitoa spesa zote nne. Raya alileta brashi ya waya, akasugua uso wa kila habu mpaka chuma kikang'aa, bado amevaa ile ovaroli, bila kutania. Tulikaza kwa kuvuka, nati ya juu kisha ya chini, ya kushoto kisha ya kulia, kama tulivyomwona akifanya. Nilipomaliza nilichukua kichupa cha wino kwenye rafu yake. Kilikuwa kimebaki robo. Mistari ilitoka vibaya, lakini ilitoka.

Nilidhani sasa tutampandisha. Mjomba alikuwa anaangalia wingu. Lilikuwa limefika kwenye misitu ya chini, na harufu ya mvua tuliisikia.

"Leonard," alisema.

"Naam, mzee."

"Nenda darajani. Rudi."

Hapo ndipo Raya alipolia. Alikaa kwenye benchi lake la chai, spana mapajani, akalia kwa sauti kama mtoto.

Leonard aliondoka na gari tupu. Dakika zile zilikuwa ndefu kuliko siku nzima, kwa sababu matone ya kwanza yalianza kugonga bati, na kila mtu alikuwa akinitazama mimi. Aliporudi tuliinama kwenye mistari. Kwenye magurudumu mawili ilikuwa imekatika, kidogo, unene wa ukucha. Tulikaza tena. Nikachora upya.

Tuliondoka saa tisa na nusu. Wanaume wengine walitangulia kwa bodaboda. Baada ya Kiroka mvua ilitushika, si kubwa, ila ilitosha kuloanisha udongo. Lile gari, kwa magurudumu yake membamba, liliyumba kuliko Leonard alivyozoea, naye akaliendesha kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mimi nilikuwa nimekaa ukingoni mwa gari, nimeinama kushoto, macho kwenye gurudumu la nyuma. Nilikuwa natafuta mistari yangu kila lilipozunguka. Tope liliifunika yote. Kwenye kona ya mnazi nyuma ya gari iliserereka kuelekea ukingo, mjomba akaweka mkono wake wote juu ya jeneza, na sote tukawa tunatamka shahada kwa pamoja bila mtu kuanzisha. Gurudumu lilikanyaga jiwe, likapanda, likashika. Leonard alisimamisha gari mbele kidogo, akashuka kwenye mvua na spana, akaijaribu nati moja moja. Hazikusogea. Akarudi ndani akaendelea.

Tulifika saa kumi na moja na robo. Kaburi lilikuwa tayari, chini kidogo ya kaburi la mama, na vijana walikuwa wamelifunika kwa turubai ili maji yasiingie. Mvua ilikuwa imekatika. Mimi, mjomba Mansuri na binamu yetu Ernest, aliyesilimu siku alipooa, tulishuka ndani. Tulimpokea, kichwa kwanza, tukamlaza kwenye mwanandani kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla, nikalegeza vifundo vya sanda. Tulipanga mbao, tukaziba nyufa kwa majani ya mgomba na udongo, tukatoka. Kila mtu akatupia mafumba matatu ya udongo. Leonard alikuwa amesimama kando, kofia mkononi, hajui kama anaruhusiwa. Mjomba alimkabidhi jembe, naye akafukia pamoja na wengine mpaka tuta likasimama. Shehe akasoma talkini. Mtu mmoja akamwaga maji juu ya kaburi kwa birika, kutoka kichwani hadi miguuni. Tukaomba dua, tukapangusa nyuso. Kisha mjomba akasema twende, kabla giza halijatukuta kwenye kona, tukamwacha.